OpenFOAM na Maji Yanayochemka Katika Mifereji ya Milimita Mbili: Tathmini ya Mhandisi wa Mombasa

OpenFOAM hailipiwi, na wengi wanaoisifia huanzia na kuishia hapo. Tathmini hii inahusu jambo moja tu: programu hii ya kuiga mitiririko inamfaa kiasi gani mtu anayetaka kujua jinsi joto linavyotoka ukutani na kuingia katika maji yanayochemka ndani ya mifereji midogo ya jenereta ya mvuke, yaani chombo kinachogeuza maji kuwa mvuke kwa joto la moshi au la maji ya moto? Baada ya kuitumia kwa kazi ya namna hiyo, nasema kwamba inafaa sana kwa kuelewa yanayotokea katika sentimita moja au mbili za mfereji mmoja, na kwamba haifai, ikiachwa peke yake, kuamulia jenereta iwe na mifereji mingapi na ya urefu gani. Anayeichukua kwa kazi ya kwanza atafaidika. Anayeichukua kwa kazi ya pili ataishia na picha za rangi za kuvutia na tarakimu asizoweza kuzitetea mbele ya mhandisi mwenzake.

Kwa mji wa bandari kama Mombasa, swali hili si la anasa. Boila tulizozizoea katika viwanda vya Shimanzi na Changamwe, na zile za vyumba vya kufulia vya hoteli kubwa za Nyali, zina mirija ya kipenyo cha sentimita tano au zaidi, na hesabu zake zimo vitabuni tangu enzi za babu zetu. Lakini injini za dizeli za vituo vya umeme na za meli zinazotia nanga Kilindini hutoa moshi wenye joto la nyuzi 300 hadi 400 za Selsiasi, na joto hilo likiachwa lipande bombani ni mafuta yaliyonunuliwa yakamwagwa. Kituo cha Rabai huligeuza kuwa mvuke wa kuendeshea turbini. Pale ambapo nafasi ni finyu, kama ndani ya chumba cha injini cha meli, mtu hulazimika kufikiria jenereta za mabamba: mabamba membamba ya chuma yaliyochongwa mifereji ya nusu duara kwa kemikali, yakapangwa moja juu ya jingine na kushikanishwa kwa joto na shinikizo bila kuyeyushwa. Vibadilisha joto vya aina hiyo vimekuwa sokoni tangu miaka ya 1980, na wabunifu wa vinu vidogo vya nyuklia wamevitupia jicho kwa sababu hiyo hiyo ya kuokoa nafasi. (Mjadala wa kinu cha nyuklia cha Uyombo, kule Kilifi, uliwafanya hata wasio wahandisi waulize jenereta ya mvuke ni kitu gani; ni swali zuri, na lilistahili majibu marefu kuliko liliyopewa.)

Kabla ya kuihukumu programu, ni lazima ieleweke mfereji huhesabiwa kuwa mdogo kuanzia wapi, kwa kuwa hapo ndipo ugumu wote ulipo. Mtafiti Kandlikar ameweka mpaka katika milimita 3: kipenyo kikizidi hapo, mfereji ni wa kawaida, kikiwa kati ya milimita 3 na mikromita 200, ni mdogo, chini ya hapo ni mdogo kupindukia. Mgawanyo huo ni rahisi kukumbuka, ila hauangalii maji yenyewe yana hali gani. Napendelea kipimo cha Kew na Cornwell cha mwaka 1997, kinacholinganisha kipenyo cha mfereji na ule urefu ambao mvutano wa uso wa maji na uzito wake hutoshana nguvu. Kwa maji yanayochemka katika shinikizo la kawaida la hewa, urefu huo ni kama milimita 2.5, na ukizidi nusu ya kipenyo, viputo hubanwa. Maana yake ni kwamba kwa maji ya nyuzi 100, kila mfereji ulio chini ya milimita 5 ni mdogo. Mfereji wa nusu duara wenye upana wa milimita 2 una kipenyo cha kihaidroliki (mara nne ya eneo la mlango wake, gawanya kwa mzingo wake) cha milimita 1.22 tu, kwa hiyo umo ndani kabisa ya eneo la kubanwa, na hubaki humo hata shinikizo likipandishwa hadi megapaskali 7, yaani kama mara 70 ya shinikizo la kawaida la hewa.

Kubanwa huko hubadilisha kila kitu. Katika boila la kawaida kiputo huzaliwa ukutani, hukua kidogo, hung'oka na kupanda. Katika mfereji mdogo hakina pa kwenda: hukua mpaka kikagusa kuta za pande zote, kisha hurefuka mbele na nyuma, kama mkokoteni uliojaa mizigo ulioingia kichochoro cha Mji wa Kale, ambapo hakuna kipitacho pembeni yake ila kwa kujibana ukutani. Kinachojibana hapa ni utando wa maji wenye unene wa mikromita chache hadi makumi kadhaa, na sehemu kubwa ya joto hupita katika utando huo kwa kuwa ni mwembamba mno. Ukikauka, ukuta hubaki unagusana na mvuke mtupu, na uhamishaji wa joto huporomoka. Programu yoyote itakayoshindwa kuhesabu unene wa utando huo itakuwa imekosea jambo lenyewe, hata kama mengine yote imeyapata.

OpenFOAM ilianza Chuo cha Imperial, London, mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2004 ikatolewa kuwa programu huria. Imeandikwa kwa lugha ya C++, huendeshwa kwa kuandika amri badala ya kubofya vitufe, na kila tatizo huwekwa katika folda lenye mafaili ya maandishi ya hali ya mwanzo, sifa za vitu na namna ya kuhesabu. Kwa kazi ya kuchemka inatoa njia mbili, na njia hizo zinatofautiana sana hivi kwamba ni kama kupewa programu mbili.

Njia ya kwanza haifuati kiputo kimoja kimoja. Kila seli ya wavu wa hesabu, yaani kila kijisehemu ambacho mfereji hugawanywa ili uhesabiwe, huchukuliwa kuwa na sehemu fulani ya maji na sehemu fulani ya mvuke, na mitiririko hiyo miwili huhesabiwa kana kwamba imeingiliana mahali pamoja. Ukutani, joto hugawanywa mafungu matatu: fungu linalochukuliwa na maji yanayougusa ukuta bila kuchemka, fungu la kupasha maji baridi yanayokimbilia pale kiputo kilipong'oka, na fungu linalogeuza maji kuwa mvuke. Modeli hii inajulikana kwa herufi RPI, za chuo cha Rensselaer cha Marekani, ilikotoka kwa kazi ya Kurul na Podowski mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika OpenFOAM kila kipande chake huchaguliwa peke yake: idadi ya vitovu vya kuzalia viputo kwa mlinganyo wa Lemmert na Chawla, kipenyo cha kiputo kinapong'oka kwa ule wa Tolubinski na Kostanchuk, na kasi ya kung'oka kwa ule wa Cole. Hapa programu inastahili sifa ya dhati. Msimbo wenyewe uko wazi, mlinganyo unasomeka mstari kwa mstari, na ukitaka kuubadilisha hakuna wa kukuzuia. Katika programu za kulipia, aghalabu unapewa jina la modeli na kisanduku cha kutia alama ya vema.

Uwazi huo huo ndio unaoonyesha kwa nini njia hii haifai kwa mfereji wa milimita 2. Mlinganyo wa kipenyo cha kiputo huanza na milimita 0.6 kwa maji yaliyokwisha kufikia joto la kuchemka, hupungua kadiri maji yanavyokuwa baridi zaidi, na umewekewa kikomo cha milimita 1.4. Mfereji wa nusu duara wenye upana wa milimita 2 una kina cha milimita 1. Basi kiputo kinachopaswa kuwa kitu kidogo ndani ya mtiririko tayari kimejaza zaidi ya nusu ya kina kabla hakijang'oka. Tukiingia kwenye idadi ya vitovu, mlinganyo wa Lemmert na Chawla, ukuta ukiwa umezidi joto la kuchemka kwa nyuzi 10, hutoa takribani vitovu milioni moja kwa mita ya mraba, yaani kimoja kwa kila milimita ya mraba. Viputo vya milimita 0.6 vilivyopangwa milimita moja moja katika mfereji kama huo vitagusana na kuungana karibu mara tu vinapozaliwa, ilhali modeli inavihesabu kana kwamba havijuani. Zaidi ya hayo, njia hii ya wastani inadai seli ya wavu iwe kubwa kuliko kiputo. Kwa kipimo hicho mfereji mzima ungekuwa seli moja.

Kinachonikera ni kwamba programu haitoi onyo lolote. Unaweka mfereji wa milimita 2 mahali ambapo palikuwa na bomba la sentimita kadhaa, hesabu inakwenda vizuri, inatulia, na inakupa mstari laini wa joto la ukuta. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, au wa chuo kingine chochote, ataunakili mstari huo katika tasnifu yake bila kujua kwamba masharti ya modeli yalivunjwa tangu mwanzo. Kwa haki yake, nikiri kwamba shinikizo likipanda lawama hupungua: katika megapaskali 7 viputo vinavyong'oka ni vidogo zaidi, na kuvihesabu kwa wastani hurudi kuwa na maana. Lakini mlinganyo ule wa kipenyo hauangalii shinikizo hata kidogo, hivyo ni mtumiaji mwenyewe anayepaswa kulijua hilo na kuuweka mwingine.

Njia ya pili ndiyo iliyonivutia, na ndiyo niliyoitumia zaidi. Hii hufuata mpaka wenyewe kati ya maji na mvuke. Kila seli hubeba kiasi cha maji kilichomo, seli zilizojaa nusu ndizo mpaka, na kiputo huonekana kikizaliwa, kikibanwa na kurefuka kama inavyoonekana katika video za maabara. Asili ya mbinu hii ni kazi ya Hirt na Nichols ya mwaka 1981. Katika OpenFOAM ya kawaida mpaka huchorwa kwa namna inayoutandaza kwenye seli mbili tatu. Mbinu mpya zaidi, isoAdvector, iliyochapishwa mwaka 2016, huukata mpaka kijiometria ndani ya seli na kuuacha mkali. Kwa mifereji midogo, tofauti kati ya mbinu hizo mbili huonekana kwa macho, na sioni sababu ya kutumia ile ya zamani.

Ila kuona mpaka hakutoshi. Ni lazima kujua maji kiasi gani yanageuka mvuke mpakani. Modeli inayotumika mno ni ile ya Lee ya mwaka 1980: kiasi cha mvuke kinachozalishwa ni sawia na tofauti kati ya joto la seli na joto la kuchemka, kikizidishwa na mgawo mmoja. Mgawo huo hautokani na sifa yoyote ya maji. Mtumiaji huuchagua, na katika machapisho ya watafiti thamani zake huanzia 0.1 hadi milioni kumi kwa sekunde. Ukiwa mdogo mno, joto la mpaka hupotoka kutoka nyuzi za kuchemka na kiputo hukua polepole kuliko inavyopasa. Ukiwa mkubwa mno, hesabu hutetereka na kuanguka. Katikati pana ukanda ambamo matokeo hayabadiliki sana, na ukanda huo husogea kila unapobadilisha wavu, shinikizo au joto la ukuta. Ndiyo maana siamini tasnifu wala ripoti yoyote inayotaja modeli ya Lee bila kutaja mgawo na namna ulivyopatikana.

Ninachowashauri wenzangu ni kuanza na jaribio la Stefan kabla ya kugusa mfereji. Ni tatizo la mwelekeo mmoja: ukuta wa moto, tabaka jembamba la mvuke, kisha maji yaliyofikia joto la kuchemka. Jibu lake halisi linajulikana kwa karatasi na kalamu, na unene wa tabaka la mvuke hukua kwa kipeuo cha pili cha wakati, yaani wakati ukiongezeka mara nne, unene huongezeka mara mbili. OpenFOAM hulipita jaribio hili vizuri ikiwa mgawo umechaguliwa kwa uangalifu, na kompyuta ndogo ya mezani hulimaliza upesi. Jaribio la pili ni kiputo cha duara kinachokua ndani ya maji yaliyopita joto la kuchemka, ambalo Scriven alilitatua mwaka 1959. Hapo ndipo kasoro ya kweli hujitokeza.

Kasoro hiyo ni mikondo ya uongo. Weka kiputo kilichotulia ndani ya maji yaliyotulia, pasipo joto wala mtiririko; kasi inapaswa kuwa sifuri kila mahali. Programu, kwa sababu hukadiria mkunjo wa mpaka kutoka kwenye seli zenye pembe, haipati mlingano kamili kati ya mvutano wa uso na shinikizo, na tofauti iliyobaki huwa mikondo midogo inayozunguka kandokando ya kiputo. Katika bwawa au tangi la mafuta hungeijali. Katika mfereji wa milimita moja, ambako mvutano wa uso ndio unaotawala, mikondo hiyo huchanganya maji ya moto na ya baridi na kuongeza uhamishaji wa joto ambao haupo. Msongamano nao una mkono wake: katika shinikizo la kawaida la hewa maji ni mazito kuliko mvuke mara 1,600, na hesabu huyumba, katika megapaskali 1 tofauti hushuka hadi kama mara 172, na katika megapaskali 7 hadi mara 20, na hapo hesabu hutulia sana. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba tatizo lililo hatari zaidi katika chuma ndilo lililo rahisi zaidi katika kompyuta.

Halafu kuna bei, ambayo hailipwi kwa shilingi. Utando wa maji wa mikromita 5 unahitaji seli za mikromita 1 au pungufu ili uonekane. Mvutano wa uso nao huweka kikomo cha hatua ya wakati: kwa seli za mikromita 10, hatua haipaswi kuzidi takribani sehemu moja ya milioni ya sekunde, kwa seli za mikromita 1, ni kama nanosekunde 36. Sekunde moja ya mtiririko kwa wavu huo ni hatua milioni 28 hivi. Mfereji wa mraba wa milimita 2 wenye urefu wa sentimita 2, ukigawanywa kwa seli za mikromita 10 pande zote tatu, ni seli milioni 80, na kwa kawaida kila seli milioni moja hudai takribani gigabaiti moja ya kumbukumbu. Hakuna kompyuta ya duka la kawaida la Mombasa itakayobeba mzigo huo. Kinachowezekana ni bomba la duara linaloigwa kama kipande chembamba cha duara: seli 200,000 hivi, mikromita 10 kila upande, na utando mwembamba zaidi ukiachwa bila kuonekana. Unapata umbo la kiputo na mwendo wake kwa usahihi wa kuridhisha, na joto la ukutani kwa usahihi usioridhisha.

Kuhusu kuitumia hapa kwetu, lipo jambo dogo ninalolithamini kuliko nilivyotazamia. Programu huandika hali ya hesabu kila baada ya muda unaoupanga mwenyewe, na umeme ukikatika katikati ya usiku, asubuhi unaiambia ianze pale ilipoachia nayo huanza bila kununa. Mtu aliyepoteza kazi ya siku kadhaa katika programu nyingine kwa sababu ya umeme ataelewa thamani ya jambo hilo. Miezi ya kaskazi ni habari nyingine: chumba kisicho na kiyoyozi hufanya kichakataji kijipunguzie kasi chenyewe ili kisiungue, na hesabu ya usiku mmoja huendelea hadi usiku wa pili. Tunza mashine, ifunguliwe na kupulizwa vumbi, kwa kuwa hewa ya chumvi ya pwani haina urafiki na feni wala na viunganishi vya shaba.

Sehemu dhaifu kuliko zote ni mwongozo. Programu imegawanyika matawi mawili makuu, moja la taasisi ya OpenFOAM Foundation na jingine la kampuni ya OpenCFD, linalojulikana kama tawi la ESI, na majina ya vitatuzi (programu ndogo ndogo za kutatua milinganyo) hayafanani. Mwaka 2023, katika toleo la 11, tawi la Foundation liliacha vitatuzi vingi vilivyosimama peke yake na kuweka amri moja inayopakia moduli, hivyo maelezo ya zamani, ambayo ndiyo mengi, hayaendi tena kama yalivyoandikwa. Mifano ya kuchemka ukutani inayokuja na programu inafanya kazi na ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini haina maelezo ya kwa nini thamani fulani imechaguliwa. Hakuna maandishi ya Kiswahili ninayoyajua, na istilahi nilizotumia hapa ndizo tunazoelewana kwazo wenyewe kwa wenyewe.

Lipo suala la ukuta ambalo watumiaji wengi hulipita haraka. Katika maabara, ukuta hupashwa kwa umeme, hivyo kiasi cha joto kinachoingia ni kile kile hata utando ukikauka. Joto la ukuta hupaa na chuma huweza kuungua. Katika jenereta ya mvuke, ukuta hupashwa na moshi au na maji ya moto ya upande wa pili. Utando ukikauka, ukuta hauwezi kupita joto la moshi huo, kinachotokea ni kwamba joto linalopita hupungua. Anayeiga jenereta kwa kuweka kiasi cha joto kisichobadilika anaiga maabara, na atajitishia bure kwa ukuta unaoungua. OpenFOAM inaweza kuhesabu chuma na pande zake mbili kwa pamoja, na tawi la ESI lina kitatuzi cha kufanya hivyo huku upande mmoja ukichemka kwa njia ya wastani. Kukiweka ni kazi ya subira, ila ni afadhali hesabu nyepesi yenye ukuta wa kweli kuliko nzito yenye ukuta wa kubuni.

Nilipomwonyesha picha za viputo mzee mmoja aliyefanya kazi na boila za Shimanzi maisha yake yote, alizitazama kwa makini kisha akauliza, "Na haya maji, mwanangu, ni ya kisima au ya bomba?" Nikamjibu kwamba ni maji safi. "Basi si ya Mombasa," akasema. Alikuwa amegusa penyewe. Maji ya visima vyetu yamepita katika mawe ya matumbawe na hubeba chokaa na chumvi. Yakichemka, huviacha ukutani. Ikiwa mgawo wa kuhamisha joto wakati wa kuchemka ni wati 20,000 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi, basi ukoko wa milimita 0.1 unaopitisha joto kwa wati 1 tu kwa mita kwa kila nyuzi hulikinza joto mara mbili zaidi ya kuchemka kwenyewe. Katika bomba la sentimita tano fundi huingiza brashi. Katika mfereji wa milimita 2 uliofungiwa ndani ya bamba, haingii kitu. Unaweza kuuongeza ukoko katika OpenFOAM kama tabaka la ukinzani ukutani, na nashauri ufanywe hivyo, lakini ukoko wenyewe hukua kwa miezi ilhali hesabu inakwenda kwa sehemu za elfu za sekunde, na hakuna kitatuzi kinachokuja nayo kitakachoziunganisha nyakati hizo mbili.

Jambo la mwisho ambalo programu hii haiwezi kulifanya kwa gharama ya maana ni mifereji mingi iliyo sambamba. Jenereta ya mabamba huwa na mamia au maelfu ya mifereji inayogawana maji kutoka chemba moja. Mfereji mmoja ukipata maji machache kidogo, mvuke humzidi, mvuke huongeza ukinzani wa mtiririko, na ukinzani huo hupunguza maji zaidi, huku jirani zake wakineemeka. Ledinegg alilieleza tatizo hilo mwaka 1938, na tiba yake inayojulikana ni kuweka tundu jembamba mlangoni mwa kila mfereji ili ukinzani mwingi uwe pale maji yangali maji. Upana wa tundu hilo ndilo swali ambalo mnunuzi wa jenereta anapaswa kuuliza kabla ya yote, na jibu lake hutoka katika modeli ya mwelekeo mmoja. Wahandisi wa usalama wa vinu vya nyuklia hutumia programu ya RELAP5 kwa kazi hiyo. Kwa jenereta ndogo ya moshi wa dizeli, programu fupi ya Python yenye sifa za maji na mvuke kutoka milinganyo ya kimataifa ya IAPWS-IF97 na mlinganyo wa uhamishaji wa joto wa Chen wa mwaka 1966 au wa Kandlikar wa mwaka 1990 hutosha, na hukimbia katika kompyuta ya mapajani.

Kwa hiyo mpangilio ninaoupendekeza kwa ofisi ndogo ya uhandisi ya hapa ni kuchora jenereta nzima kwa modeli ya mwelekeo mmoja kwanza, kutafuta kipande ambacho utando unatarajiwa kukauka, kisha kukipeleka kipande hicho peke yake katika OpenFOAM kwa njia ya kufuata mpaka, baada ya kulipita jaribio la Stefan katika shinikizo lile lile. Ofisi inayolipwa kwa siku na ambayo haina mtu wa kusoma msimbo itafanya vyema kukodi leseni ya programu ya kulipia, kama Ansys Fluent, ijapokuwa hugharimu maelfu ya dola kwa mwaka: modeli zilizomo ndani ni zile zile, RPI na Lee, pamoja na udhaifu ule ule, lakini wapo watu wa kupigiwa simu. Mwanafunzi au mtafiti mwenye muda na achukue OpenFOAM, na kwa kazi hii achukue tawi la ESI, kwa sababu ndilo lenye isoAdvector na kile kitatuzi cha ukuta wa pande mbili bila kuhitaji kuongezewa kitu.